NGIRI YA KIWAMBO KWA WATOTO WACHANGA

Miongoni mwa maradhi ambayo mtoto huzaliwa nayo, yapo yasiyoonekana kwa macho, lakini hatari yake hudhihiri mara tu mtoto anapoanza kuvuta pumzi. Mojawapo ni ngiri ya kiwambo, ambayo humpata takriban mtoto 1 katika kila watoto 2,500 hadi 3,000 wanaozaliwa.

Kiwambo ni msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Msuli huo hujifunga kabla ya mimba kutimiza miezi mitatu. Usipofunga sawasawa hubakia tundu, aghlabu upande wa kushoto, na matumbo, pengine hata ini, hupanda kifuani. Mapafu hukosa nafasi ya kukua, na shinikizo la damu katika mishipa yake huwa kubwa. Mtoto akiwa tumboni hadhuriki, kwani oksijeni huipata kwa mama yake. Taabu huanza baada ya kukatwa kitovu. Kwa hivyo kinachoua hasa si tundu lenyewe, bali ni udogo wa mapafu.

Ufahamu huo ndio uliobadilisha matibabu. Zamani madaktari waliharakisha kumpasua mtoto saa zile zile za mwanzo. Tangu miaka ya 1980 imebainika kuwa ni bora kwanza kuituliza pumzi na mzunguko wa damu, kisha ndipo tundu lizibwe. Katika hospitali kubwa za nchi tajiri, watoto wapatao 7 hadi 8 kati ya 10 husalimika. Pasipo na vyumba vya uangalizi maalumu vya watoto wachanga, wanaosalimika ni wachache zaidi.

Aidha, utafiti wa nchi mbalimbali uliotangazwa mwaka 2021 ulihusu watoto wenye hali mbaya zaidi ya ngiri ya kushoto. Puto dogo liliwekwa katika njia ya pumzi ya mtoto angali tumboni, na waliosalimika waliongezeka kutoka 15 hadi 40 katika kila 100. Hata hivyo, wengi wao walizaliwa kabla ya wakati.

Wakunga wanakumbushwa dalili zifuatazo: mtoto kupumua kwa shida, midomo kuwa ya buluu, tumbo kubonyea, na mapigo ya moyo kusikika zaidi upande wa kulia. Ikidhaniwa hivyo, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kuepukwe kadiri iwezekanavyo, kwani hewa hujaza matumbo yaliyomo kifuani na kuyabana mapafu. Daktari aitwe mara moja ili mrija upitishwe katika njia ya pumzi, na mwingine upitishwe puani hadi tumboni kuondoa hewa.

Wazazi nao wafahamu kuwa maradhi haya si laana wala si kosa la mama. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apigwe picha ya altrasaundi kabla ya wiki ya 24. Ngiri ikigunduliwa mapema, familia na daktari hupata wasaa wa kupanga uzazi katika hospitali yenye wapasuaji wa watoto, badala ya kungojea uchungu uanze. Mtoto aliyesalimika naye aendelee kupelekwa kliniki, kwani baadhi yao hubaki na matatizo ya kupumua, kula au kusikia.