Baruti, Kiasi na Greni: Istilahi za Kuunda Risasi za Shabaha

Neno baruti ni la siku nyingi katika Kiswahili. Kwa neno hilo moja tunataja kitu kilichoshindiliwa katika magobori ya wazee, kitu kinachopasua miamba machimboni, na kitu kilichomo ndani ya risasi ya bastola ya leo. Katika mazungumzo ya kila siku upana huo haumdhuru mtu. Lakini mfasiri akiletewa kitabu cha maelekezo ya fani yenyewe, upana huohuo waweza kumgharimu msomaji wake vidole au macho.

Makala haya yanachukua fani moja ndogo, yaani kuchagua baruti ya kuundia risasi za bastola za mashindano ya shabaha, na kutazama fani hiyo inadai nini kwa lugha. Fani hii imestawi hasa Marekani. Huko mpiga shabaha huyakusanya maganda aliyokwisha kuyatumia, akayatia fataki mpya, baruti na kichwa, akapata risasi kwa gharama ndogo. Tena, na hili ndilo analolitafuta zaidi, hupata risasi zinazofanana moja kwa moja. Katika nchi zetu silaha na risasi zinatawaliwa na sheria za vibali, na makala haya hayakusudii kumfundisha mtu kazi hiyo. Hata hivyo maandishi yake hutufikia: katika hati za forodha, katika vitabu vya michezo, na katika taarifa za wataalamu wa silaha zinazosomwa mahakamani. Hapana budi tuwe na maneno ya kuyafasiri.

1. Sehemu za risasi

Tuanze na neno risasi lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile madini laini na nzito. Baadaye likawa jina la kipande kinachoruka kutoka mtutuni, na leo ni jina la kitu kizima kinachotiwa katika bastola. Maana tatu katika neno moja ni nyingi mno kwa maandishi ya kiufundi, hasa kwa kuwa kichwa cha risasi ya shabaha mara nyingi huwa kimesubuliwa kwa madini ya risasi.

Bahati njema, watu wamekwisha kututangulia. Katika habari za polisi na mahakama husikika ganda la risasi na kichwa cha risasi. Tukiyashika hayo, risasi itabaki kuwa jina la kitu kizima. Ganda litakuwa kile kikombe cha shaba nyeupe au cha metali nyingine. Kichwa kitakuwa kile kinachoruka. Na metali yenyewe tutaiita madini ya risasi. Kwa kile kidude kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda, ambacho hugongwa na nyundo ya bastola kikatoa cheche, tunalo neno fataki, lililotumika tangu enzi za magobori. Hakuna haja ya kuunda neno jipya.

2. Baruti mbili zisizolingana

Baruti ya kale ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kawaida sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Ikiwaka hutoa moshi mzito na kuacha masizi mengi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti ya namna nyingine, iliyotokana na nitroselulosi. Hiyo haikutoa moshi mwingi, na nguvu zake zilikuwa kiasi cha mara tatu ya ile ya kale kwa uzito uleule. Baadaye zikatokea aina zilizochanganywa na nitrogliserini pia.

Basi mfasiri anayeandika baruti pasipo sifa yoyote ameyaweka katika chungu kimoja mambo mawili yasiyopikwa pamoja. Mtu aliyezoea kujaza baruti ya kale kwa kipimo cha ujazo, akiijaza ile mpya kwa kipimo kilekile, hupasua silaha mkononi. Inafaa tuseme baruti nyeusi kwa ile ya kwanza na baruti isiyo moshi kwa ile ya pili, na sifa hizo zisiachwe hata pale zinapoonekana kuwa za ziada.

Aidha, kamusi hupenda kueleza baruti kuwa ni unga. Maelezo hayo hayaifai baruti isiyo moshi. Hii huja katika umbo la vigamba bapa, viduara au vijiti vifupi, na umbo na ukubwa wa kila chembe umepangwa kiwandani kwa makusudi, kwani chembe huwaka kuanzia kwenye uso wake. Anayezisaga chembe hizo ameongeza eneo la kuwakia na kuibadili baruti kuwa kitu kingine. Kwa hiyo tuseme chembe za baruti, na neno unga tuliachie mashine ya kusaga mahindi.

3. Haraka si kali

Jambo la kwanza analolitazama mwenye kuchagua baruti ni kasi ya mwako. Vitabu huzipanga baruti katika orodha, kuanzia zile zinazowaka upesi mno hadi zile zinazowaka taratibu. Hapa wafasiri wengi wangevutwa kuandika baruti kali na baruti hafifu. Ni kosa. Ukali ni habari ya nguvu. Haraka ni habari ya muda. Baruti za mwako wa polepole ndizo zinazotumiwa katika bunduki ndefu zenye nguvu nyingi, na zile za mwako wa haraka ndizo zinazotumiwa katika risasi nyepesi za shabaha.

Sababu yake ni hii. Mtutu wa bastola ni mfupi, na mpiga shabaha hahitaji nguvu kubwa. Anahitaji kichwa kifike kwenye karatasi iliyo yadi 25 au 50 mbele yake, katika tundu lilelile kila mara, bila kuusumbua mkono wake. Mashindano ya taifa ya Marekani, yaliyoanza kufanyika Camp Perry katika jimbo la Ohio mwaka 1907, yamevijenga vizazi vingi katika desturi hiyo. Baruti ya polepole hutaka kanieneo kubwa ndipo iwake sawasawa. Ikitiwa kidogo katika risasi nyepesi, nyingine hubaki bila kuungua, na mwendo wa vichwa hutofautiana. Baruti ya haraka humaliza kuwaka mapema, hata kwa kanieneo ndogo, na risasi hufanana. Mfano maarufu ni ile iitwayo Bullseye, iliyoanza kuuzwa na Laflin & Rand mwaka 1898 na ikawa kipenzi cha wapiga shabaha kwa miaka mingi.

Majina kama hilo yasifasiriwe kamwe, wala yasifupishwe. Baruti haitambuliwi kwa macho; jina lililo juu ya kopo ndilo ufunguo pekee wa jedwali la mtengenezaji. Kwa mfano, H4350 na IMR 4350, ambazo ni baruti za bunduki, ni vitu viwili tofauti. Mpiga chapa anayeacha herufi za mbele amewachanganya wasomaji wake.

4. Kiasi, si ujazo

Kazi yenyewe tuiiteje? Kushindilia ni neno tamu, lakini ni la gobori, ambalo baruti yake hugandamizwa kwa mtaimbo. Kujaza nalo lina hatari yake: kitu kilichojazwa hutarajiwa kijae. Na hapa ganda halipaswi kujaa. Ganda la risasi iitwayo .38 Special, linalopendwa sana na wapiga shabaha, lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati baruti nyeusi ilikuwa bado ikitumika, na ndiyo maana lina nafasi kubwa. Baruti ya haraka inayohitajika kwa shabaha hukaa chini kabisa, ikaacha sehemu kubwa ya ganda tupu. Mtu akipitiwa akatia mara mbili katika ganda moja, bado litaonekana kuwa na nafasi, na hilo ndilo kosa linaloogopwa kuliko yote katika fani hii.

Ndiyo sababu katika uchaguzi wa baruti mna mvutano. Baruti nzito yenye chembe ndogo hutiririka vizuri katika kipimo, lakini makosa yake hujificha. Baruti yenye chembe pana huchukua nafasi zaidi, na ikitiwa mara mbili huonekana kwa urahisi, lakini huweza kukwama katika kipimo na kutoka pungufu au zaidi. Mwenye busara hupima faida hizo mbili, kisha hutazama ndani ya kila ganda kabla ya kulifunga kwa kichwa.

Kwa kazi yote, basi, tunapendekeza kuunda risasi kwa mkono. Na kwa ile baruti inayotiwa katika ganda moja tunalo neno ambalo tumelisahau. Kamusi za zamani ziliiita risasi nzima kiasi cha bunduki, yaani kipimo kilichokwisha kukatwa. Tulirudishe neno kiasi kwa baruti ya risasi moja. Neno hilo lenyewe humwonya msomaji kwamba kuna mpaka. Tukilikubali, kiasi cha kuanzia kitakuwa kile cha chini kinachotangulia kujaribiwa, na kiasi cha kikomo kitakuwa kile kisichovukwa. Mfasiri asikiite hicho cha pili kiasi bora. Ubora haumo katika jedwali.

5. Greni na gramu

Limebaki jambo dogo kwa herufi, kubwa kwa madhara. Majedwali ya Marekani hupima baruti na vichwa kwa kizio cha kale ambacho pauni moja ina vizio 7,000. Jina lake kwa Kiingereza hufanana na jina la punje ya nafaka, na wengine wamejaribu kuliita punje au chembe. Lakini chembe tumekwisha kuipa kazi nyingine, na msomaji akiambiwa atie chembe 3 aweza kuzihesabu kwa kidole. Wengine, kwa kudhani kuna kosa la chapa, wameandika gramu.

Tazama tofauti. Kizio kimoja ni miligramu 64.8, na gramu moja ina vizio 15.43. Kichwa cha shabaha cha vizio 148 kina uzito wa gramu 9.6 tu. Vizio 3 vya baruti ni miligramu 194. Gramu 3 ni vizio 46, yaani zaidi ya mara kumi na tano. Hakuna bastola ya kuvumilia kosa kama hilo. Tunapendekeza greni, neno geni lisilo na maana nyingine katika Kiswahili, na kwa sababu hiyo hasa ni salama. Hapa ugeni ni sifa: humfanya msomaji asimame na kuuliza.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Risasi: kitu kizima kinachotiwa katika silaha.
Ganda: kikombe cha metali kinachobeba vyote.
Kichwa: kinachoruka, kichwa bapa ni kile chenye uso mpana, kinachokata tundu safi katika karatasi ili alama zihesabike bila ubishi.
Fataki: kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda.
Baruti nyeusi, baruti isiyo moshi: aina mbili zisizobadilishana.
Kasi ya mwako: upesi wa baruti kuungua, wala si nguvu zake.
Kiasi: baruti ya risasi moja.
Greni: kizio cha uzito, miligramu 64.8.

Wasomaji wanaofanya kazi na maandishi haya, hasa walio forodhani na mahakamani, huenda wanayo maneno bora kuliko haya. Wayalete yajadiliwe. Ila jambo moja lisilegezwe: katika fani ambayo tofauti ya neno ni tofauti ya kipimo, istilahi nzuri ni ile inayomzuia msomaji kukosea, hata kama sikioni haina utamu.