Koki inayovuja hula faida ya mkulima

Milimani Upare, maji ya ndiva hushuka shambani kwa mfereji bila kuunguza tone la mafuta. Tambarare ya Same hali ni nyingine. Milima huzuia mvua, na mkulima anayevuta maji ya Mto Pangani kwa pampu ya petroli hulipia kila lita.

Hapo ndipo oringi ya koki ya mafuta inapogeuka hesabu kubwa. Tone moja kila sekunde, tukichukulia matone 40 kwa mililita, ni zaidi ya lita 2 kwa saa 24. Hiyo ni mbali na hatari ya moto, maana chini ya tangi kuna injini inayochemka.

Fundi akikosa oringi hukata kipande cha tyubu. Siku ya kwanza koki hukauka kabisa. Kisha mpira ule hunywa petroli, huvimba, na koki huwa ngumu kuzungusha. Ikilazimishwa mpira huchanika, vipande vikaenda kuziba kabureta wakati nyanya ziko kwenye maua.

Mpira unaofaa ni wa naitraili, unaovumilia petroli na dizeli. Ule wa EPDM ni wa maji, si wa mafuta; dukani yote ni myeusi! Hata naitraili huvimba kidogo, hivyo mfereji wake uachiwe nafasi. Ikibanwa kupita kiasi, huliwa kila koki inapozungushwa.

Mwenye shaka anunue mbili. Moja ailoweke kwenye petroli ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na moto, kwa siku mbili, kisha ailinganishe na mwenzake.