Mpigo Uliotutuliza



Binti yangu alipokuwa na himila ya miezi minane, mumewe, ambaye yuko kazini Doha, alimletea kifaa kidogo cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Huunganishwa na simu, sauti ikatoka, na nambari ikaonekana kiooni. Kila baada ya swala ya Isha mama yake alimwekea, nami nikisikiliza nyuma ya pazia. Sikatai, ilikuwa furaha kubwa.

Asubuhi moja alisema mtoto hakucheza tangu usiku. Kifaa kikawekwa, mpigo ukasikika, nasi tukamhimidi Mola tukaendelea na chai. Shangazi yangu, mkunga wa zamani, hakukaa. Alimshika mjukuu wake kifundo cha mkono, akaupima mshipa huku akiisikiliza simu. Vilikwenda sawasawa. “Huu si moyo wa mtoto, ni wako wewe. Vaa buibui twende.”

Nambari ilikuwa pale pale kiooni: 92. Moyo wa mtoto tumboni kwa kawaida hupiga baina ya mara 110 na 160 kwa dakika. Sisi tuliitazama, hatukuisoma. Hospitalini mtoto alionekana amechoka, na alasiri ile ile binti yangu akafanyiwa upasuaji. Alhamdulillahi, wote wawili wa hai.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba tangu mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huwasihi wazazi wasijitumilie vifaa hivyo nyumbani. Asiyefunzwa huweza kusikia damu ya mama, au ya kondo, akadhani ni mtoto. Mtoto akipunguza kucheza, haifai kutafuta sauti, ni kuondoka.

Si kila kifaa nakilaumu. Kipimo cha presha cha kufunga mkononi, chenye kuhifadhi hesabu katika simu, kina manufaa makubwa, kwani kifafa cha mimba hunyemelea kimya. Ikifika 140 kwa 90, nendeni kliniki siku hiyo hiyo. 160 kwa 110 ni dharura. Na kichwa kikiuma sana, macho yakiingia kiwi, au damu ikitoka, nendeni hata kama nambari ni nzuri.

Kuna na jambo la sitara. Programu hizi huuliza mengi ambayo mwanamke hamwambii hata dada yake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti; basi kabla ya kubonyeza “nakubali”, someni zinapelekwa kwa nani.

Mkwe wangu alipiga simu juzi kuuliza kama alete soksi ya kumpimia mtoto pumzi usingizini. Shangazi akamjibu kuwa mtoto analazwa chali, juu ya godoro gumu, bila mito. Na kama ana pesa za kutumia, alete chandarua.