Unataka kununua aparei ndogo ya foto? Angalia haya mbele ya kutoa feza yako

Miaka michache imepita, nilipanda boti ku Bukavu nikaenda Idjwi kuona koko yangu, mama wa baba. Alikuwa amezeeka sana, na kwa jamaa yetu hakuna aliyebaki na foto yake hata moja, sababu za zamani zote zilipotea wakati wa kukimbia vita. Nilikuwa na aparei ndogo ya okazioni, ya kuingia mfukoni. Siku ine nzima nilimpiga foto: akiwa jikoni, akiwa na wajukuu, akicheka. Niliporudi mjini na kuingiza karte ndani ya ordinateri, foto za siku ya kwanza tu ndizo zilifunguka. Zingine zote zilikuwa na jina, lakini ndani hamna kitu. Koko alikufa mbele nirudie tena kule.

Aparei haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa karte, ambayo niliinunua kwa bei ya chini bila kuipima. Tangu siku ile, kila mtu akiniuliza «ninunue aparei gani ya safari?», siongei kwanza juu ya marke. Ninamuuliza: utaichaji wapi, utaweka foto wapi, na utapiga foto saa ngapi? Makala hii inafuata maulizo hayo.

Je, unaihitaji kweli?

Kama foto zako ni za kutuma ku WhatsApp tu, na telefone yako inapiga vizuri, chunga feza yako. Aparei ya foto inasaidia mtu ambaye anataka kuvuta kitu cha mbali karibu, anayetaka telefone ibaki na batri ya kuita watu safarini, ama anayetaka kuanza kazi ndogo ya kupiga foto za ndoa, ubatizo na mwisho wa masomo.

Ujue pia kwamba aparei hizi ndogo zimepunguka sana duniani. Mwaka 2010 makampuni ya Japani yalitoa zaidi ya milioni 100 kwa mwaka mmoja; mwaka 2023 hazikufika hata milioni 2. Telefone ndizo zilichukua nafasi yake. Ndiyo maana nyingi unazoona ku masoko yetu ni okazioni, na inafaa kujua namna ya kuzipima.

Namba kubwa ya pikseli isikudanganye

Muuzaji atakuambia: «Hii ni 20 megapikseli, ile ni 12, chukua hii.» Pikseli ni tule tunukta tudogo ambato foto inaundwa nato. Lakini hesabu yenyewe ni nyepesi. Foto ya kawaida ya album, 10 kwa 15, inaomba karibu megapikseli 2 tu ili itoke safi ku studio. Foto ya ukubwa wa karatasi A4 inaomba karibu 9. Kwa hiyo 12 inatosha mtu wa kawaida, na inabaki.

Kinachofanya kazi zaidi ni kapteri, lile jicho la ndani linalopokea mwangaza. Aparei ndogo nyingi ziko na kapteri inayoandikwa 1/2,3, ambayo ukubwa wake ni karibu milimita 6 kwa 4,5. Zingine, za bei ya juu, ziko na kapteri inayoitwa ya inchi 1, yenye karibu milimita 13 kwa 9. Hiyo ya pili inapokea mwangaza mara ine zaidi. Mchana ku jua hutaona tofauti kubwa. Lakini ndani ya nyumba yenye taa moja, ndani ya kanisa, ama saa ya jioni wakati kura imekatika, ndogo itakupa foto yenye michanga-michanga na sura za watu hazionekani sawasawa.

Zenye kapteri ya inchi 1 ambazo unaweza kukutana nazo kwa okazioni ni Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012, Canon PowerShot G7 X ya mwaka 2014, na Panasonic Lumix TZ100 ya mwaka 2016. Ni za zamani kidogo, lakini foto zake zingali nzuri leo.

Zumu ya lensi na zumu ya uongo

Ku boksi utaona maandiko mawili kwa kifaransa: «zoom optique» na «zoom numérique». Ya kwanza ni ya kweli: vioo vya lensi vinatembea, na kitu cha mbali kinakaribia kikiwa kizima. Ya pili inakata tu kipande cha foto na kukipanua, kitu ambacho hata telefone yako inafanya. Muuzaji akisema «zumu 80», umuulize ni ya lensi ama ni kujumlisha zote mbili.

Kwa mtu anayepita ku ziwa, ku mlima, ama anayetaka kupiga ndege na wanyama, zumu ndefu inapendeza. Canon PowerShot SX740, kwa mfano, inavuta mara 40 na inaingia mfukoni. Lakini kapteri yake ni ile ndogo. RX100 ya kwanza na G7 X ziko na zumu fupi, lakini zinaona vizuri gizani. TZ100 iko katikati: kapteri ya inchi 1 na zumu ya mara 10. Chagua kufuatana na foto unazopiga mara nyingi. Foto unayoota kupiga siku moja isikuchagulie aparei.

Kura iko wapi?

Hapa ndipo watu wetu wengi wanakosea. Aparei nzuri isiyoweza kuchajiwa kule unakoenda ni mzigo tu. Kuko aina tatu.

Ya kwanza inatumia mabuye madogo yanayoandikwa AA. Canon PowerShot za zamani za alama A, nyingi zilikuwa hivi. Faida: mabuye unayapata hata ku kijiji. Lakini yale ya bei ya chini yanaisha mbio sana ndani ya aparei. Tafuta ya alkaline, ama yale ya kuchaji.

Ya pili iko na batri ya lithium inayotoka na kuwekwa ku shajeri yake ya ukuta. Shajeri ikipotea, kazi imesimama. Usinunue aparei ya namna hii bila shajeri yake.

Ya tatu inachajiwa kwa kamba ya USB, kama telefone. Kwa sisi tunaoishi na panneau ya jua na power bank, ndiyo nzuri kupita zote. Batri ikae ndani ya aparei na ujaribu mbele ya muuzaji: unganisha kamba, angalia kama taa ya kuchaji inawaka.

Kwa aina ya pili na ya tatu, ongeza batri ya pili. Na kama unapanda ndege, batri za akiba zitembee nawe ndani ya mfuko wa mkono, zisiende ku valizi inayowekwa chini ya ndege. Ni sheria ya usalama, sababu lithium inaweza kushika moto.

Karte: mahali nilipopoteza koko

Karte za SD unazokutana nazo mara nyingi ziko za vizazi vitatu. SD ya kawaida inafika giga 2. SDHC inaenda kutoka giga 4 mpaka 32. SDXC inapita 32. Aparei ya zamani inaweza kukataa SDXC kabisa, kwa hiyo angalia maandiko karibu na mlango wa karte. Kama ni aparei ya okazioni, karte ya giga 16 ama 32 inatosha na inakubalika na nyingi. Na ukiona aparei inayoomba karte ya xD, kama Olympus na Fujifilm za zamani, iache: karte hizo hazitengenezwi tena.

Sasa uongo wenyewe. Kuko karte inayoandikwa giga 64, na hata ordinateri inasoma 64, kumbe ndani ni giga 8. Ukipita 8, aparei inaendelea kupiga, inakuonyesha kama kila kitu kiko sawa, lakini foto haziandikwi. Ndivyo ilinifikia.

Kuipima si vigumu. Ukiinunua, ijaze yote mbele ya safari: weka sinema na miziki mpaka imejaa, toa karte, irudishe, na fungua mafaili ya mwisho. Kama hayafunguki, rudisha karte kwa muuzaji siku hiyo hiyo. Mwenye ordinateri ya Windows anaweza kutumia programu ya bure inayoitwa H2testw, ambayo inafanya kazi hiyo yenyewe.

Na hata karte ikiwa nzuri, kila jioni nakili foto ku telefone ama ku flash. Foto iliyo mahali pamoja tu, uhesabu kwamba haijawa yako bado.

Ku butiki, chukua dakika kumi

Kwa aparei ya okazioni, usikubali haraka ya muuzaji. Fanya hivi:

– Iwashe na uzime mara tano. Lensi itoke na kurudi bila kukwama na bila sauti ya kusaga. Lensi iliyoanguka ama iliyoingia mchanga ndiyo ugonjwa mkubwa wa aparei hizi, na kuitengeneza kunaweza kupita bei ya aparei.
– Piga foto ya ukuta mweupe, kisha panua ile foto. Ukiona madoa meusi mahali pamoja kila mara, vumbi limeingia ndani.
– Angalia lensi ukiielekeza ku mwangaza. Ukiona kitu kama utando wa buibui, ni kuvu ya unyevu.
– Vuta zumu yote, jaribu flashi, piga video fupi na uisikilize.
– Toa batri. Ikiwa imevimba, usiitumie.
– Ingia ku menyu utafute kifaransa. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani ziko na kijapani tu, na huwezi kubadilisha.

Ukishainunua

Vumbi ya barabara ya moto na mvua ya kwetu haziheshimu marke. Chunga aparei ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na tule tupakiti tudogo tunaokuja ndani ya boksi za viatu, tunakausha unyevu. Anayefanya kazi ku maji, ku mtumbwi ama ku mvua kila siku, aangalie Olympus TG-6 ya mwaka 2019, inayovumilia maji mpaka metre 15. Kapteri yake ni ndogo, lakini haiogopi kuanguka ziwani.

Neno lingine ambalo boksi haisemi: aparei inapima mwangaza kwa kila kitu inachoona. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya mbingu nyeupe ama karibu na robe ya bibi arusi, aparei inafikiri mwangaza ni mwingi, inapunguza, na sura inakuwa giza. Tafuta alama ya +/− na uongeze mpaka +1. Sura itaonekana. Mbele ya kununua, hakikisha alama hiyo iko na unaifikia kwa urahisi.

Mwisho, aparei inaonekana zaidi kuliko telefone. Omba ruhusa kwa mtu mbele ya kumpiga. Usiielekeze ku waaskari, ku barrière, ku uwanja wa ndege, ku bandari wala ku daraja. Ukifika mahali pa namna hiyo, iweke ndani ya mfuko mbele hujaulizwa.

Kwa hiyo, gawa feza yako mbele ya kutoka nyumbani: sehemu ya aparei, sehemu ya karte ya kweli, sehemu ya batri ya pili. Kama haitoshi zote tatu, shusha aparei, usishushe karte. Na kama kwako kuko mzee ambaye foto yake hamna, usingoje aparei nzuri. Mpige leo na telefone uliyo nayo, kisha ile foto uiweke mahali pawili.