Shoti na Mgusano Hafifu: Istilahi katika Ukarabati wa Nyaya za Injini ya Gari

Katika lugha ya gereji, neno shoti hutaja takribani kila hitilafu ya umeme wa gari. Makala haya yanadai kwamba upana huo wa maana hupotosha ukarabati, kwani joto la injini huzua hitilafu mbili zilizo kinyume. Kwanza, ganda la plastiki la waya hukauka na kupasuka. Shaba ikigusa bodi, mkondo hupita njia ya mkato na fyuzi hukatika. Hiyo ndiyo shoti hasa. Pili, pini za soketi hulegea na kushika kutu; ukinzani huongezeka, soketi huyeyuka, ilhali fyuzi ni nzima. Fundi anayeiita hali hii shoti hutafuta nyaya zilizogusana asizione, na soketi huendelea kuchemka hata ikawaka.

Tiba nazo hutofautiana. Shoti hudai waya mpya wa unene uleule, wenye ganda linalostahimili takribani nyuzi 125 za sentigredi, ufungwe mbali na bomba la moshi. Hali ya pili, tunayopendekeza iitwe mgusano hafifu, hudai pini na soketi mpya, na waya ukatwe hadi shaba ing'aayo.