Wanyama Wakali wa Karagwe na Kyerwa ni Dhamana ya Nani?

Mfugaji aamkapo alfajiri akakuta mbuzi wake wawili wameburutwa kutoka zizini, hana haja ya hotuba juu ya faida za hifadhi. Damu aiona majanini, na nyayo zaelekea porini. Ataka kujua mambo mawili tu: ni nani atakayemfuta jasho, na ni nini kitakachozuia usiku wa kesho usiwe kama wa jana. Maswali hayo ni ya haki, nasi twaona kwamba Chama cha wakulima na wafanyakazi hakina budi kuyajibu.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zimepakana na mapori makubwa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa daraja yakawa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Mwaka huo huo mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Ng'ambo ya Mto Kagera iko Hifadhi ya Akagera ya nchi ya Rwanda. Kwetu sisi mto huo ni mpaka wa dola mbili. Kwa chui na fisi ni mahali pa kunywa maji.

Simba si mgeni katika nchi hii. Miongoni mwa watawala wa kale wa Karagwe walikuwamo walioitwa Ntare, jina lenye maana ya simba. Lakini heshima ya jina haikuwaokoa wanyama wenyewe. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipowasukuma mamia ya maelfu ya wakimbizi kuingia Ngara na Karagwe, mapori yetu yalivamiwa kwa shoka, mitego na bunduki. Wanyama wanaoliwa wakapungua mno, na anayewala akapungua pamoja nao. Huko Akagera hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1997 hifadhi hiyo ilipunguzwa ikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake, na simba wake wakauawa, wengi kwa sumu, hata asibaki mmoja.

Sasa gurudumu limegeuka. Mwaka 2015 Rwanda ilileta simba saba kutoka Afrika ya Kusini, nao wamezaana wakaongezeka mara kadhaa. Kwetu nako, mwaka 2020 ilitangazwa kwamba simba waliokuwa wakisumbua vijiji vya jirani na Serengeti wanahamishiwa Burigi-Chato. Basi wananchi wa Kagera wamepewa dhamana mpya. Anayepewa dhamana apaswa kwanza kuijua.

Simba huishi kwa ukoo. Majike ndugu hukaa pamoja, huwinda pamoja na kulea pamoja. Madume hulinda eneo. Dume kijana, afikapo umri wa miaka miwili au mitatu, hufukuzwa na wakubwa wake akatangatanga kutafuta mahali pa kutawala. Aghalabu huyo ndiye afikaye penye ng'ombe wetu. Tena, dume mwenye eneo akiuawa, madume wageni huingia na kuua watoto aliowaacha. Hivyo risasi moja yaweza kuangamiza kizazi kizima, na kuleta wageni wasiojua mipaka ya mahali pale.

Chui ni kinyume cha simba. Hukaa peke yake, huwinda kwa kunyatia, na aweza kuishi karibu na kijiji miaka mingi asionekane. Hula swala, nguruwe mwitu, nyani, mbwa na mbuzi. Na akiogopa kunyang'anywa hupandisha windo lake mtini.

Ama fisi, huyo amesingiziwa mengi. Wako wasemao kwamba ni kipando cha wachawi, na kwamba ni mwoga alaye mizoga tu. La hasha! Fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kundi lake hutawaliwa na majike, ambao ni wakubwa kuliko madume. Taya zake huvunja mifupa ambayo wanyama wengine huiacha, na kwa kula mizoga husafisha pori bila ya mshahara.

Pengine msomaji atauliza: wakitoweka wote, tutapungukiwa na nini? Jibu twalipata Ghana. Hesabu za wanyama zilizofanywa huko toka 1968 hadi 2004 zilionyesha kwamba pale simba na chui walipotoweka, nyani waliongezeka na kuvamia mashamba. Ikafika mahali watoto wakazuiliwa kwenda shule ili walinde mazao. Mkulima wa mahindi na migomba wa Kyerwa amjua nyani vizuri. Na ajue pia kwamba chui ni mmoja wa walinzi wa shamba lake, ingawa mlinzi huyo naye ana tamaa ya mbuzi.

Yuko adui wa tatu asiyetajwa sana, naye ni mtego wa waya. Anayetega swala na nyati kwa ajili ya nyama ya magendo huwanyima simba na fisi chakula chao cha halali, kisha mnyama mwenye njaa hugeukia zizi la jirani. Faida ya nyama hula mmoja; hasara ya ng'ombe hubebwa na mwingine. Huo ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji na mnyonywaji wote ni wa kijiji kimoja.

Sumu nayo si dawa. Mwaka 2018 simba 11, wakiwamo watoto 8, walikufa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, ikidhaniwa wamelishwa sumu. Sumu iliyowekwa kwenye mzoga haichagui: huua simba, fisi, tai na mbwa wa nyumbani.

Hata hivyo, hatuwezi kumwambia mfugaji astahimili tu. Mwezi Septemba 1961, katika Azimio la Arusha juu ya wanyamapori, Mwalimu Nyerere alikiri mbele ya ulimwengu kwamba wanyama hao ni amana tuliyokabidhiwa. Amana ya taifa zima haiwezi kubebwa na mwenye mbuzi watano peke yake. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka malipo ya kifuta jasho na kifuta machozi. Majina yenyewe yaonyesha kwamba si fidia kamili. Kwa hiyo jambo dogo linalotakiwa ni kwamba yafike upesi. Jasho lisilofutwa mwaka mzima hukauka lenyewe, na mahali pake huota chuki.

Basi twatoa rai. Viongozi wa vijiji waandikishe kila hasara siku ile ile, na maofisa wa wanyamapori waje kuitazama bila kukawia. Wafugaji wasilaze mifugo nje, nao wajenge mazizi imara kwa ushirika. Huko Simanjiro wenzetu wamejenga maboma ya waya wa wavu unaoshikiliwa na miti hai badala ya nguzo. Mchwa hawali mti ulio hai, na fisi hapenyi wavu. Wanachama nao wawafichue wategaji, hata wakiwa jamaa zao. Na mapato ya hifadhi yaonekane katika zahanati na madarasa ya vijiji vinavyokesha.

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, lakini mwananchi anayepata hasara asilazimishwe kwenda kimya. Sauti yake ikisikilizwa mapema, mkono wake hautaifikia sumu.