Kipi Kiingie Hazinani? Vigezo vya Kuteua Kazi za Kitaaluma katika Hazina Huria ya Chuo Kikuu

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi tasnifu iliyokwisha kupita mikononi mwa watahini ilikuwa na makao mawili tu: rafu ya maktaba ya chuo na kabati la mwandishi wake. Aliyetaka kuisoma alilazimika kufunga safari. Hazina huria ya chuo kikuu imebadili hali hiyo. Hii ni hifadhi ya kielektroniki ambamo kazi za wanataaluma wa chuo huwekwa ili zisomwe na yeyote, popote alipo, bila malipo. Suala la mitambo limekwisha kupatiwa ufumbuzi kwa kiasi kikubwa. Lililosalia ni la kitaaluma, yaani kazi ipi iingie na ipi ibaki nje. Makala hii inalijadili suala hilo kwa kutumia mifano ya taaluma ya Kiswahili nchini Tanzania. Hoja yake kuu ni kwamba uteuzi utegemee asili ya kazi, ukamilifu wake na haki za wahusika, wala si hadhi ya mahali ilipochapishwa.

2.0 Chimbuko la Hazina Huria

Fikra ya ufikiaji huria ilipata tamko rasmi mjini Budapest mwaka 2002, likafuatiwa na Tamko la Berlin mwaka 2003. Tamko la Budapest lilipendekeza njia mbili: wanazuoni kuhifadhi wenyewe makala zao katika hifadhi zilizo wazi, na kuanzishwa kwa majarida yasiyowatoza wasomaji. Njia ya kwanza ilirahisishwa na programu kama EPrints, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000, na DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT kwa ushirikiano na kampuni ya Hewlett-Packard. Programu hizo hazihitaji kununuliwa leseni. Leo vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Mashariki, vikiwemo vya Dar es Salaam na Nairobi, vina hazina za namna hii.

Ifahamike, hata hivyo, kwamba waasisi wa fikra hiyo walilenga hasa makala za majarida yanayopitiwa na wataalamu. Mkazo huo unafaa kwa fani ambazo karibu maarifa yake yote hupita katika majarida. Taaluma ya Kiswahili haiko hivyo. Ni kweli kwamba inalo jarida lenye nasaba ndefu: taarifa ya Kamati ya Lugha iliyoanza kutolewa mwaka 1930 ndiyo iliyokuja kuwa jarida la Kiswahili. Lakini sehemu kubwa ya maarifa yake imo katika tasnifu, katika mada za semina zilizopigwa chapa na kurudufiwa, katika orodha za istilahi na katika kanda za fasihi simulizi. Hazina itakayopokea makala za majarida ya kimataifa peke yake itaiacha nje sehemu hiyo, na karatasi iliyorudufiwa miaka hamsini iliyopita haina nakala nyingine ya kuikimbilia.

3.0 Vigezo vya Uteuzi

3.1 Asili ya kazi

Maktaba hukusanya kile ambacho wasomaji wake wanakihitaji, kitoke kokote. Hazina hukusanya kile ambacho chuo chenyewe kimekizalisha. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani aliyeifanya kazi, na akiwa wapi. Kazi ya mhadhiri aliyehamia chuo kingine hubaki katika hazina ya chuo alikoifanyia. Tasnifu ya mwanafunzi huingia baada ya masahihisho ya watahini kukamilika.

Kigezo hiki kina ugumu wake. Euphrase Kezilahabi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985 aliiandikia Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Kwa asili, tasnifu hiyo ni ya Madison, ingawa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaihitaji zaidi. Katika hali kama hiyo yatosha hazina ya Dar es Salaam kuweka maelezo ya kazi na kuonyesha mahali inapopatikana. Riwaya yake, Rosa Mistika (1971), ni jambo jingine. Hiyo ni sanaa, wala haikuwa ripoti ya utafiti. Chuo kinachotaka kupokea kazi za kubuni hakina budi kutamka hivyo katika sera yake.

3.2 Ukamilifu wa kitaaluma

Kuchapishwa si kipimo cha ukamilifu. Kazi imekamilika kitaaluma iwapo inatoa hoja, inaonyesha ushahidi wake, na inaweza kurejelewa bila kubadilika kesho. Kwa kipimo hiki mada ya semina iliyorudufiwa huingia. Kumbukumbu za vikao, ratiba na muhtasari wa somo hubaki nje. Aidha, kila nakala itajwe hali yake: kama ni mswada wa awali, mswada uliokubaliwa na wahariri, au chapa ya mwisho. Kosa likigunduliwa, nakala mpya iongezwe pamoja na maelezo, na ile ya zamani isifutwe kimyakimya, kwa kuwa wapo waliokwisha kuirejelea.

3.3 Haki za wahusika

Wahusika ni watatu: mwandishi, mchapishaji na mtoa taarifa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) ilitungwa na wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, lakini ilichapishwa na Oxford University Press. Kwa asili na ukamilifu inastahili kuingia. Hata hivyo mkataba ndio utakaoamua. Wachapishaji wengi wa majarida huruhusu mswada uliokubaliwa uwekwe wazi baada ya muda maalumu, na muda huo hauna budi kuheshimiwa.

Mhusika wa tatu ndiye anayesahauliwa mara nyingi. Tasnifu nyingi za fasihi simulizi zina viambatisho vya ngano na nyimbo zilizotolewa na wazee vijijini. Chukuliwe mfano wa nyimbo za unyago, ambazo kwa desturi huimbwa mbele ya makungwi na wari. Kungwi aliyekubali kumwimbia mtafiti alijua kwamba kazi hiyo itasomwa na watahini na wanafunzi wachache. Hakukubali kwamba mafunzo ya faragha yasikilizwe dunia nzima, jina lake likiwa chini yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu. Lakini hata pasipo sheria, ahadi ni ahadi. Njia ya haki ni kuuweka wazi uchambuzi na kukifunga kiambatisho, mpaka ridhaa mpya ipatikane.

4.0 Chanzo na Kazi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimehifadhi miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambayo J.W.T. Allen aliiorodhesha katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1970. Miswada hiyo haikuzalishwa na chuo. Ni chanzo cha utafiti, na pahala pake ni mkusanyo maalumu wa maktaba. Lakini unukuzi wake kwa hati za Kirumi, ukiambatana na maelezo ya msomi wa chuo, ni kazi ya kitaaluma, na hapana sababu ya kuuacha nje.

5.0 Hitimisho

Uteuzi usiachiwe mkutubi peke yake, wala kila mwandishi kwa nafsi yake. Idara iwe na kamati ndogo ya wanataaluma na mkutubi, yenye sera iliyoandikwa, na kila kazi inayokataliwa itolewe sababu. Vigezo vitatu vilivyojadiliwa vinaweza kupingana. Vinapopingana, haki za wahusika zitangulie. Kazi iliyofungwa leo yaweza kufunguliwa kesho, lakini siri iliyokwisha kuenea hairudishwi.